Daftari la muhula: kujua chuo kinakupa nini

Mwulize mwanafunzi katikati ya muhula chuo kinampa nini, atakujibu kwa kile kilichomuuma mwisho: CAT (jaribio la katikati ya muhula) aliyoanguka, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi Kenya, uliochelewa, ugomvi na mwenzake wa chumba. Wiki nzuri zimeshamtoka kichwani. Kwa hivyo tafakari inahitaji karatasi, uwe Egerton kule Njoro, Maseno, Kakamega au Bondo.

Nunua daftari la kurasa 96. Muhula wa wiki 15, ukurasa mmoja kila siku ya masomo, ni kurasa 75. Ongeza ukurasa mmoja kila Jumapili, zinakuwa 90. Sita zinazobaki ni za mwisho wa muhula. Simu haifai kwa kazi hii, kwa sababu jumbe za kundi la darasa zitakuteka kabla hujaandika neno.

Kila jioni andika mambo matatu: ulikuwa wapi na nani, nini kilikumaliza nguvu, nini ungekirudia hata bila kuambiwa. Andika matukio. "Nimechoka na kozi hii" haikusaidii kitu ukiisoma mwezi ujao. "Mhadhara wa takwimu, saa mbili asubuhi, nilikaa nyuma, nikapotea baada ya dakika 20, sikuuliza" inakuonyesha pa kushika. Pembeni weka herufi N siku uliyokosa chakula cha mchana. Usiidharau alama hii: mtu mwenye njaa huona kila somo ni bure, na wengi hulaumu kozi ilhali tatizo ni mfuko.

Jumapili tenga nusu saa, usome kurasa za wiki hiyo. Tia tiki kwenye ulichokifanya kwa kukipenda, hata kama hakina alama za mtihani. Tia msalaba kwenye ulichokifanya kwa woga au kwa kufuata kundi. Mengine yaache. Kisha andika sentensi mbili tatu kuhusu unachokiona, bila kuamua lolote. Wiki moja hudanganya, hasa wiki ya CAT, ambapo karibu kila kitu hupata msalaba.

Wiki ya nne ndipo uhesabu. Tazama saa na watu kabla ya kutazama masomo. Mwanafunzi wa biolojia anaweza kukuta tiki zake zote ziko siku walizoingia msitu wa Kakamega na hakuna hata moja ya maabara. Wa ualimu akakuta zake ziko Jumamosi, anapofundisha watoto mtaani. Hizo ni dalili za kufuatwa. Chagua badiliko moja dogo la kujaribu kwa wiki mbili: kukaa safu ya pili, kumwona mhadhiri ofisini na swali moja lililoandikwa, au kuacha kikundi cha kusoma kinachokesha kwa porojo. Ukibadilisha matatu kwa pamoja hutajua lipi lilifanya kazi.

Swali gumu zaidi ni la kozi uliyopangiwa na KUCCPS, shirika linalowagawa wanafunzi vyuoni, bila kuwa chaguo lako la kwanza. Hapa tenganisha somo na namna linavyofundishwa. Angalia saa ulizosoma mada hiyo peke yako: zikiwa na tiki, somo lenyewe unalipenda, na tatizo ni ukumbi uliojaa, ratiba au mhadhiri. Zikiwa na misalaba hata hapo, nenda ofisi ya msajili au kwa mkuu wa idara uulize masharti ya kuhamia kozi nyingine. Mwaka wa kwanza usisubiri hadi wiki ya nne, kwani muda wa maombi huwa mfupi, na wengi huukosa wakiwa bado wanajiuliza.

Kuna hali moja ambayo daftari haliitoshi. Misalaba ikijaa wiki mbili mfululizo, usingizi umepotea na chakula hakipiti hata kikiwepo, peleka jambo hilo kwa mshauri nasaha wa chuo au kwenye zahanati ya chuo, tena mapema.

Katika kurasa sita za mwisho, nakili tiki zilizojirudia angalau mara tano, taja watu waliokuwepo, na kando ya kila moja uandike siku na saa utakayoitengea muhula ujao. Fanya hivyo ratiba mpya ikishabandikwa, ili usipange juu ya mhadhara.