Pipa, dumu au ndoo? Kuchagua chombo cha maji ya chumvi kwa samaki wa baharini

Wanaoanza kufuga samaki wa baharini huniuliza wanunue chumvi gani. Watakorogea ndani ya nini, hawaulizi. Mimi swali hilo lilinigharimu kamba wawili na konokono kadhaa.

Hatua ya 1: Jua unahitaji lita ngapi

Tangi la lita 100, ukibadilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji kila wiki, linataka lita 10 hadi 15 tu. Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko inatosha. Usikimbilie pipa la lita 200: likijaa linapita kilo 200, na ukiwa ghorofa ya tatu Majengo, hakuna jirani atakayekuja kukusogezea.

Hatua ya 2: Pindua chombo, soma kitako

Tafuta pembetatu ya mishale yenye nambari ndani. Mimi nachukua plastiki za 2 (HDPE) na 5 (PP), basi. Ukiona na alama ya bilauri na uma, hicho kimetengenezewa chakula. Zile ndoo nyeusi za mjengo zisizo na alama yoyote, waachie mafundi.

Kisha kagua chuma. Sufuria na ndoo ya bati hazifai, chumvi itazila. Lakini watu husahau vitu vidogo: skrubu ya kifuniko, mkono wa waya unaogusa maji, na hasa mfereji wa shaba uliofungwa ubavuni mwa pipa. Kiasi kidogo cha shaba ambacho samaki huvumilia huua kamba, konokono na matumbawe. Badilisha mfereji uweke wa plastiki.

Hatua ya 3: Uliza kilibeba nini

Hapa ndipo nilipoteleza. Nilipata pipa la buluu kwa muuzaji wa mitumba ya mapipa, safi, kitako kimeandikwa 2.

“Ami, hili lilibeba nini?”

“Juisi tu, mwanangu.”

Nikalisuuza mara mbili, nikakoroga chumvi, nikawasha pampu. Asubuhi povu lilikuwa limesimama juu ya maji kama la beseni la kufulia. Nikajiambia ni chumvi hiyo, itatulia. Nikayamimina tangini. Kufikia jioni kamba walikuwa wamelala ubavu.

Lilikuwa la sabuni ya maji. Ile nambari haikunidanganya: inataja aina ya plastiki, haijui kilichotiwa ndani. Ndoo ya rangi nayo huwa na 2 au 5 kitakoni. Tangu siku hiyo chombo kilichobeba sabuni, rangi, dawa au mafuta ya taa sikigusi hata nikipewa bure. Dumu la mafuta ya kupikia pia naliacha, kwa sababu mafuta hung'ang'ania plastiki na baadaye huelea juu ya maji kama ngozi. Kama bei ya ndoo mpya haikuumizi, nunua mpya ulale usingizi.

Hatua ya 4: Osha, funga, nusa

Osha kwa siki na sponji mpya, bila sabuni. (Siki isikutane na dawa ya klorini ya kufulia, hutoa hewa ya sumu.) Suuza mara tatu. Tia maji moto, funga kifuniko, lala. Asubuhi fungua ukiwa umeinamisha pua palepale. Kikinuka chochote, kitafutie kazi nyingine.

Hatua ya 5: Koroga

Maji kwanza, chumvi baadaye. Ukianza na chumvi, kalsiamu huganda ikawa unga mweupe kitakoni na hairudi tena. Fuata kipimo cha pakiti, kwa kawaida karibu gramu 35 hadi 38 kwa lita. Iwe chumvi ya matangi ya samaki. Ya jikoni, hata ile inayovunwa baharini kule Gongoni, ni ya mchuzi. Acha pampu izungushe siku nzima, halafu pima kwa haidromita uzito wa maji hayo ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi (1.000): 1.025 ndiyo ninayoitaka.

Hatua ya 6: Hifadhi

Weka kivulini, si juu ya dari. Jua la hapa huotesha mwani na huifanya plastiki ipasuke. Chora mstari kwa kalamu pale maji yalipofika. Yakishuka kwa joto, jazia maji yasiyo na chumvi, kwani kilichoruka ni maji peke yake.

Mwisho, andika ubavuni kwa herufi kubwa MAJI YA SAMAKI, na dumu hilo usimwazime mtu. Mifereji ikikauka mtaani, kila chombo chenye maji nyumbani ni cha wote. Mimi sikuandika, na shemeji akayapikia wali wa nazi. Tulikula mkate siku hiyo.