Tanga hadi Pangani kwa mashua, mkiwa wawili tu

Mke na mume wenye mashua yao ya futi 20 wanaweza kwenda Pangani bila baharia wa tatu, ila safari hii hupangwa kuanzia mlango wa mto Pangani, si kuanzia Tanga. Mlangoni pale kuna mafungu ya mchanga. Maji ya mto yakitoka pamoja na maji yanayokupwa, yakakutana na upepo wa alasiri unaotoka baharini, mawimbi husimama wima na kuvunjika. Watu wawili hawana mikono ya kutosha kwa hali hiyo. Ingieni katika saa mbili za mwisho za maji kujaa.

Kwa hiyo tazameni mwezi kwanza. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Hizo ndizo siku zenu. Mnang'oa nanga saa kumi na moja na nusu alfajiri, maji yanayokupwa yanawatoa ghubani, na umande, upepo wa nchi kavu, unasukuma kutoka bara. Njia ni takribani maili 25 za baharini. Kwa mwendo wa noti 4 (maili 4 za baharini kwa saa) ni saa sita na ushei. Umande hufa asubuhi kabla upepo wa bahari haujaamka, nanyi mtaelea tu kwa muda, lakini nafasi ya kusubiri mnayo. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, maji hujaa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, kwa hiyo mtaishia kulala nje au kuingia gizani. Hakikisheni saa kamili kwenye jedwali la maji, na msikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya kuamkia safari.

Msimu mzuri ni matlai, kipindi cha kati ya kusi na kaskazi, Oktoba na Novemba. Kaskazi huwapeleka vizuri lakini kurudi ni kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo. Kusi likikaza, Mei hadi Agosti, ahirisheni.

Mashua iliyokaa pwani wiki kadhaa hukauka mbao, na kalafati (pamba ya kuzibia nafasi za mbao) hulegea. Iteremsheni majini siku moja kabla ili mbao zivimbe. Farumi, uzito wa kutuliza mashua, iwe kilo 200 hadi 300 za mchanga kwenye magunia, yapangwe katikati na kufungwa yasiteleze, na mahali pa kufulia maji (kuchota na kumwaga yaliyoingia) pabaki wazi. Maji ya kunywa lita 20, maboya ya kuvaa mawili, upo, chombo cha kufulia maji, mbili (moja huanguka baharini).

Sasa demani, kamba ya kukaza na kulegeza tanga, maana hapa ndipo mashua nyingi hupinduka. Anayeshika kana (mkono wa usukani) asiifunge demani kwa fundo gumu hata kidogo. Izungusheni mara moja na nusu kwenye kishikio, ncha ibaki mkononi mwa mwenzake. Dhoruba ikipiga, anaachia, tanga linapepea, mashua inasimama. Ikiwa mkono umechoka, tumieni kitanzi kinachofumuka kwa kuvuta mara moja, na kijaribuni kabla ya kuondoka, kamba ikiwa imelowa, kwa sababu kamba iliyolowa hubana.

Kuhamisha foromali (mti unaobeba tanga) upande wa pili wa mlingoti kwa upepo mkali msijaribu mkiwa wawili. Shusheni tanga, hamisheni, pandisheni tena. Upepo ukililaza tanga kwenye mlingoti kutoka mbele, mashua hurudi kinyumenyume na usukani haushiki. Alfajiri tazameni pia maboya ya nyavu. Wavu ukinasa usukani, shusheni tanga kwanza ndipo mkate.

Mkifika Pangani jua la alasiri litakuwa machoni, hamtaona rangi ya maji. Mmoja asimame omoni, mbele ya mashua, na upondo (mti mrefu wa kupimia kina) wenye alama kila nusu mita, ataje kina kwa sauti. Mkiona mashua ya wavuvi inaingia, ifuateni, kwani mafungu huhama.

Ndani ya mto, amari (kamba ya nanga) iwe mara tano ya kina cha maji yakijaa. Penye mita 3 maji yamekupwa, bamvua hufikisha mita 6 au zaidi, kwa hiyo toeni mita 30 au 35. Mkondo ukigeuka mashua huzunguka na nanga inaweza kung'oka, basi mmoja awe macho wakati huo, ashike amari kwa kiganja: ikitetemeka na kugongagonga, nanga inaburuta.