Sahani za bibi zitoke kabatini ziende ukutani: nilivyofanya sebuleni kwangu Mabatini

Jamani wale wenye sahani za zamani kabatini, zile mnasema ni za wageni na wageni wakija bado hazitoki, naomba mzitoe wiki hii. Mi nakaa Mabatini hapa Mwanza, nyumba ya mlimani kwenye mawe, sebule ndogo, na ukuta wa juu ya sofa ulikaa mtupu miaka mingi mpaka tulipoenda Ukerewe kwenye arobaini ya bibi na watu wakagawana vyombo. Nikachukua ambazo hakuna aliyezitaka, tano za bati zenye maua mekundu na mbili za udongo zenye michoro ya bluu, nikazifunga kwenye kanga nikazipakata melini toka Nansio mpaka mjini.

Kama huna za kurithi, tembea Mlango Mmoja au Makoroboi, sehemu za biashara hapa Mwanza, taratibu, uliza na mama zako wakubwa kwanza maana hizi sahani bado zipo majumbani, nyingi zinafunikia ndoo za maji. Ya udongo ukitaka kujua kama nzima, iweke juu ya vidole vyako igonge kidogo na kucha, ikilia ting sauti ikaenda mbali iko sawa, ikitoa mlio mfupi uliokufa kuna ufa hata kama huuoni. Geuza nyuma usome muhuri. Iliyoandikwa jina la nchi kwa Kiingereza mara nyingi ni ya baada ya 1891, kwa sababu Marekani walianza kulazimisha bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, na viwanda vingi vikafuata.

Sasa kuosha, hapa ndo watu wanaharibu. Usitumie jiki wala stilwaya. Ile mistari ya dhahabu pembeni inatoka na stilwaya mara moja tu, na jiki inaingia kwenye nyufa ndogondogo inakula chombo kwa ndani. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji, sponji laini, alafu mswaki wa zamani kwenye mikunjo, basi. Na usitoe sahani kwenye baridi ukaitumbukiza kwenye maji ya moto. Moja ya sahani za bibi ina tone la rangi nyekundu nyuma, aliipaka ili chombo kikiazimwa msibani kirudi kwake, nikawa nimeshika sponji kabisa nataka kulisugua mama akanishika mkono. Alama kama hizo ziacheni, zina thamani kuliko maua ya mbele. Za bati zilizobanduka, pale penye kutu piga msasa laini kidogo, kausha, paka vanishi isiyo na rangi. Ila ikishapakwa vanishi ni ya ukutani tu usilie tena chakula, na hata zile za udongo za zamani zilizopasukapasuka mi silii, rangi za zamani nyingine zina madini ya risasi.

Kabla ya kutoboa chochote chukua magazeti, chora kila sahani ukate, bandika karatasi ukutani kwa selotepu ukae nazo siku mbili. Hii hatua usiiruke. Mi nilizipanga kwa mstari kama za hotelini nikaona hapana, siku ya pili nikaweka kubwa karibu na katikati nyingine zikaizunguka, nafasi kati yao vidole vitatu mpaka vinne, ikakaa vizuri. Katikati ya kundi iwe kama sentimita 150 toka sakafuni, na juu ya sofa acha kama sentimita 20 vichwa vya watu visiguse. Ukuta ulioegemea mlima unaotoa unyevu na chumvi wakati wa mvua, uacheni, plasta yake haishiki msumari.

Kuhusu kuning'iniza niwaambie ukweli, mwanzo nilinunua zile hanga za kubandika kwa gundi, duka la karibu tu, zikashika wiki mbili, mvua zilipoanza usiku nikasikia kishindo, sahani moja ya bluu vipande sita. Nililia. Toka hapo natumia waya wa umeme wa 2.5 (milimita za mraba), ule wa kopa mmoja mgumu, na simenyi plastiki yake maana ndo inazuia kukwaruza. Unakunja duara dogo kuliko sahani likae nyuma, unatoa mikono mitatu, miwili chini kushoto na kulia, mmoja juu, ncha zake unazikunja zishike ukingo kidogo tu kama ukucha. Ule wa juu unaukunja mwisho kwa plaizi iliyofungwa kitambaa, sahani ikiwa tayari imekaa, taratibu sana, na nyuma unaacha kitanzi cha msumari. Ukimaliza ning'iniza juu ya godoro siku nzima kwanza, ikikaa ndo upeleke ukutani. Za bati ni nyepesi, msumari wa zege unatosha, ila za udongo mwite fundi mwenye drili atoboe kwa biti ya milimita 6, aweke plagi ya plastiki na skrubu. Za bati ndo weka karibu na mlango unaobamizwa. Juu ya kitanda cha mtoto usiweke yoyote.

Na mtu asikwambie haya ni mambo ya wazungu. Nenda Kunduchi kule Dar es Salaam au Kaole pale Bagamoyo uone makaburi ya zamani, watu wa pwani walijengea sahani na bakuli za China kwenye nguzo za wapendwa wao karne nyingi zilizopita.

Vumbi futa kwa brashi laini kila wiki mbili, na wale wadudu wa ziwani wakija kama wingu la moshi funga madirisha, asubuhi pitisha kitambaa chenye unyevu. Kwangu nimeacha nafasi mbili na karatasi zake bado ziko ukutani, moja ya ile iliyovunjika na nyingine ya sahani iliyobaki kwa mama mdogo Nansio, bado anafunikia maziwa, nimemwambia asiharakishe.