Yaliyopita Nayo ni Ndwele: Ukiachwa, Anzia Hapa

Zilikuwa zimebaki wiki tatu nifunge ndoa. Mahari ilishapokelewa, kadi za michango zilishafika mpaka Ujiji, na kanisani tangazo letu lilishasomwa Jumapili mbili. Kabla ya Jumapili ya tatu, mchumba wangu akanipigia simu kutoka Mpanda, akasema moyo wake umebadilika. Simu yenyewe haikufika dakika nne. Ilikuwa Aprili 2024.

Mimi ni muuza dagaa wa Kibirizi, hapa Kigoma. Nakuandikia wewe dada (na kaka pia, maana nanyi mnaachwa, basi tu hamsemi) uliyepigiwa simu ya namna hiyo juzi, ambaye ni Mkristo, na ambaye watu wameshaanza kukwambia, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Mimi niliambiwa hivyo na watu kumi na mmoja. Niliwahesabu. Ni methali nzuri mkigombana na jirani kwa sababu ya kuku. Lakini Zaburi 147:3 inasema Mungu "huwaponya waliopondeka moyo, na kuziganga jeraha zao." Neno ni lilelile, kuganga. Na jeraha ni nini kama si jambo lililokwisha kupita? Basi yaliyopita nayo ni ndwele, na yana mgangaji wake.

Anza na tumbo. Sitanii. Soma 1 Wafalme 19. Eliya amekimbia, ameketi chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Malaika alipokuja hakumhubiria, wala hakumuuliza ana dhambi gani iliyojificha. Alimgusa, akamwambia ainuke ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala tena. Mungu alikuja kuzungumza naye baadaye, baada ya mwendo wa siku arobaini.

Mimi nilifanya kinyume. Nilijitangazia mfungo wa siku saba, siku ya tatu nikaanguka sokoni katikati ya wateja. Shangazi akaja jioni na ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwa letu, wa mawese, akaketi mlangoni kabisa, miguu ameinyoosha, nisiweze kutoka. "Kula kwanza, Mungu hajaondoka," akasema. Kwa hiyo wiki za mwanzo usifunge. Kula, oga, lala, hata kama usingizi unakuja mchana. Na ikiwa unaomba kufa kama Eliya alivyoomba, usilifanye siri hata usiku mmoja. Mwambie mtu leo, akupeleke hospitali. Kwetu hapa ni Maweni. Kwenda kwa daktari si kukosa imani. Eliya naye alihudumiwa mwili kwanza.

Ukishapata nguvu za kukaa, omba, ila omba ukweli. Sala zangu za mwanzo zilikuwa "asante Bwana kwa yote", na nilikuwa nadanganya, naye anajua nadanganya. Mama mchungaji ndiye aliyenifungulia Zaburi ya 13, akanionyesha kwa kidole: "hata lini" mara nne katika mistari miwili tu. Mtu aliyesema hivyo hakufukuzwa kwenye Biblia. Nenda na ile ya 88 pia, ambayo inaishia gizani bila shukrani yoyote mwishoni. Nilivyofanya ni hivi: nasoma mstari mmoja kwa sauti, naifunga Biblia, nasema mstari wangu. "Hata lini utanisahau?" Halafu: "Hata lini nitapita pale kwa fundi gauni nikiangalia chini?" Mstari wa Daudi, mstari wangu. Dakika kumi zinatosha.

Nilikuwa nafanyia ufukweni alfajiri, kabla boti hazijarudi. Siku moja mlinzi wa boti akanisogelea na tochi, akaniuliza kwa upole kama nimelala kilabuni. Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu ile simu, kwa sababu nilimkumbuka Hana, 1 Samweli 1, naye kuhani Eli alidhani amelewa.

Kuhusu kazi: ukiweza, fanya, lakini usijifiche humo. Mimi nilijificha. Naamka saa tisa usiku, naanika, nageuza, nafunga magunia, narudi nyumbani nimekufa kwa uchovu nisiwaze. Nilidhani nimepona. Ikafika Mei 15, Serikali ikalifunga Ziwa Tanganyika mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane. Chanja tupu, boti zimepinduliwa mchangani. Siku ya nne ya kukaa bure nililia kuanzia chai mpaka machweo. Yote niliyoyarukia yalikuwa yananisubiri palepale.

Wavuvi walinung'unika, na haki yao, maana watoto wanakula. Lakini kupumzika wanakujua. Kila mwezi mbalamwezi ikikomaa, taa hazivuti dagaa, basi wanakaa nchi kavu wanashona nyavu. Nikaamua na mimi niwe na miezi yangu ya kufungwa. Hakuna mwanamume mpya, hakuna kuulizia habari za yule aliyeniacha kwa watu wa Mpanda, hakuna kuchungulia status zake WhatsApp saa sita usiku. Juni akaja mmoja, mpole, ana duka lake Mwanga, na nia yake ilionekana njema. Nikamwambia ziwa limefungwa. Hakuelewa, lakini aliondoka.

Mahari waachie wazee; usiingie kwenye kikao hicho, utasikia ukihesabiwa kama magunia. Michango ya harusi ni suala jingine, hiyo ina jina lako. Chukua daftari, andika nani alitoa nini, mfuate mmoja mmoja umwambie utalipa lini. Aibu yake ni kubwa mara moja tu. Wengi walinisamehe palepale.

Utaletewa tiba nyingine. Rafiki yangu alitaka nimfuate mganga amrudishe mwanamume. Huyo si mgangaji ninayemsema. Na mwingine, tena ndani ya maombi, aliniambia nina roho ya kukataliwa, akaniuzia chupa ya mafuta. Nilinunua, naona haya hata kuandika. Mtu anayekuwekea bei kwenye machozi yako, muage. Zaburi 56:8 ina chupa, lakini ile ya kutiwa machozi, na haiuzwi. Badala ya umati wa kukuombea, tafuta wawili: mmoja wa kumwambia kila kitu, mwingine wa kukaa naye bila kusema. Wangu wa kukaa naye alikuwa jirani, bibi Muha, anayeingia asubuhi na "mwakeye" yake, salamu ya Kiha, anachukua ungo wangu wa mchele, anachambua mawe. Hajawahi kunitajia yule mtu mpaka leo.

Kusamehe nimekuacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu watu watakutaka ukuanze siku ya kwanza. Kusamehe si kumrudia, wala si kumpokelea simu. Petro alipouliza mara ngapi, Yesu akajibu saba mara sabini, Mathayo 18. Zamani nilidhani ni makosa 490 tofauti. Sasa najua kosa moja linatosha kuzijaza zote, maana linarudi upya kila unapomwona mtu mwenye shati kama lake. Nyuma ya lile daftari la madeni nilikuwa napiga mstari kila ninaposema, "Bwana, na hili tena nimemwachia." Siku nyingine mistari tisa kabla ya chakula cha mchana. Iliishia 213. Si kwamba niliamua kuacha, nilisahau kupiga.

Agosti 15 ziwa likafunguliwa, watu tukajaa Kibirizi na mabeseni. Kumbe mbalamwezi nayo ilikuwa karibu kukomaa, dagaa wakaja kidogo tu, tukarudi nyumbani kusubiri giza. Mwanzoni mwa Septemba mwezi ukaandama, taa zikatanda ziwani, nikaanika chanja tatu. Zilipokauka nikaenda kumaliza deni la mwisho la michango, elfu ishirini ya mama mmoja wa kwaya. Fedha alikataa. Alitaka dagaa, na akachagua mwenyewe.