Namna ya Kufuma Blanketi la Milia kwa Nyuzi za Mchanganyiko

Blanketi la milia ni kazi inayomfaa sana mtu aliyejikusanyia mabaki ya nyuzi: nusu donge lililobaki baada ya sweta ya mtoto, robo iliyobaki kwenye kofia, na nyuzi zilizofumuliwa kutoka kwenye nguo za mtumba. Wafumaji wengi hukaa na mabaki hayo miaka na miaka wakihangaikia rangi, wakijiuliza kama zambarau itapatana na rangi ya chungwa. Kwa maoni yangu, rangi ndiyo ya mwisho kuogopwa. Kinachoharibu blanketi la mchanganyiko ni nyuzi zisizolingana unene na zisizovumilia ufuaji wa aina moja. Likishafuliwa mara mbili tatu, mlia wa sufu hunywea, wa pamba hulegea na kuning'inia, wa akriliki, yaani uzi wa kutengenezwa viwandani, hubaki vilevile, na kile kilichokuwa mstatili mzuri kinageuka kitu chenye mawimbi kila upande. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kazi ya kabla ya kushika sindano.

Kupata na kutenganisha nyuzi

Hapa Mwanza madonge mapya hupatikana katika maduka ya vifaa vya ushonaji katikati ya jiji, na mengi ni ya akriliki. Ingawa Usukuma ni nchi ya pamba, donge la pamba la kufumia kwa mkono si kitu utakachokikuta kila duka. Anayetaka sufu, pamba au rangi zisizo za kawaida kwa gharama ndogo atafanya vizuri kupita kwenye mtumba, hasa soko la Mlango Mmoja, akatafute sweta za kufumua.

Si kila sweta inafumuka. Igeuze ndani nje kabla hujauliza bei, kisha uchunguze mshono wa ubavuni. Ukiona kingo za vipande viwili zimekamilika, kila kimoja na ukingo wake usiokatwa, na zimeunganishwa kwa uzi mmoja unaopita katikati, sweta hiyo itakupa uzi mrefu usiokatika. Ukiona kingo zimekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, irudishe kwenye lundo hata kama rangi yake inakuita, kwa sababu kila mstari umekatwa pembeni na utaambulia vipande vifupi visivyofaa kitu. Epuka pia sweta iliyoganda mahali palipofuliwa kwa maji ya moto, ambapo vitanzi havionekani tena, pamoja na ile yenye manyoya marefu, kwani nyuzi zake hung'ang'aniana. Sweta kubwa ya mtu mzima isiyo na mapambo ndiyo yenye faida. Muuzaji akishangaa kwa nini mama mwembamba anang'ang'ania sweta ya jitu, mwache ashangae. Maelezo marefu hupandisha bei.

Nyumbani, kata nyuzi za mishono kwa mkasi mdogo wenye ncha kali na utenganishe mikono, kifua na mgongo. Anza kufumua kila kipande kutoka juu, upande wa shingo na mabega, kwa kuwa sweta nyingi hufumwa kuanzia chini. Uzungushe uzi kwenye mgongo wa kiti huku ukiufumua ili upate shada, ulifunge shada hilo mahali panne kwa vipande vya uzi wa rangi nyingine bila kulibana, kisha uliloweke katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo. Litundike kivulini likiwa limebanwa kwa chini na kitu chepesi kama taulo dogo lenye unyevu. Yale mawimbi ya uzi uliokuwa umefumwa yatanyooka, na hapo ndipo unaweza kuuzungusha kuwa donge. Ukiufuma ukiwa bado na mawimbi, vitanzi vyako havitalingana.

Uzi usio na lebo hupimwa kwa moto. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa koleo ndogo juu ya bakuli la maji, nje ya nyumba, kisha ukiwashe kwa kiberiti. Sufu huwaka polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, huelekea kuzimika yenyewe ukiondoa moto, na huacha jivu jeusi linalosagika vidoleni. Pamba huwaka haraka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Akriliki huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha punje ngumu isiyopondeka. Usiiguse kabla haijapoa. Uzi uliochanganywa viwandani huonyesha dalili mbili kwa pamoja, nao uuweke katika kundi la ile aina isiyovumilia sana ufuaji kati ya hizo mbili.

Sasa amua blanketi ni la nani, kisha uchukue kundi moja tu. Akriliki inafaa kwa mtoto mchanga na kwa mwanafunzi wa bweni, kwa sababu huvumilia kufuliwa mara kwa mara na hukauka upesi. Pamba ndiyo inayopendeza mwilini katika usiku wa Mwanza, ambao hata wakati wa mvua si wa baridi kali, lakini ni nzito na huchelewa kukauka wakati wa masika. Sufu mwekee ndugu anayehamia Njombe au Makete.

Baada ya aina, pima unene. Zungusha uzi kwenye rula, mizunguko ikigusana bila kubanana, kisha uhesabu mizunguko iliyo ndani ya inchi moja. Uzi wa kawaida wa sweta hutoa mizunguko kumi na moja hivi. Uliotoa kumi na minne au zaidi ni mwembamba, na utaushika nyuzi mbili kwa pamoja. Ushikapo pamoja nyuzi mbili za rangi tofauti, unapata rangi ya tatu ya madoadoa ambayo hakuna duka linaloiuza. Baada ya kuunganisha, pima tena. Tofauti ya mzunguko mmoja inavumilika, lakini zaidi ya hapo mlia utabana au utapwaya.

Jambo la mwisho kabla ya kufuma ni kujua nani anachuja rangi. Lowesha kipande cha kila uzi, ukikandamize ndani ya kitambaa cheupe kwa dakika chache, ukague. Nyekundu na buluu iliyokolea ndizo za kutiliwa shaka kwanza. Uzi unaochuja ufuliwe peke yake hadi maji yatoke safi, na ukikataa, uondolewe, maana mlia mmoja mwekundu unaweza kulifanya blanketi zima kuwa la waridi.

Sampuli na hesabu

Ninapendekeza mshono mmoja tu kwa blanketi lote, ule ambao kila mfumaji huanza nao: sindano inaingia kwenye kitanzi kutoka mbele kwenda nyuma, mstari baada ya mstari, pande zote mbili. Mshono huu haujikunji kingoni, unafanana mbele na nyuma, na husamehe tofauti ndogo za unene. Kila mistari miwili hutengeneza tuta moja linaloonekana wazi, hivyo utahesabu matuta badala ya mistari.

Fuma sampuli ya sentimita 15 kwa 15 kwa sindano zenye unene wa milimita 5, uifue, uiache ikauke, kisha uhesabu vitanzi na matuta yaliyomo katika sentimita 10 za katikati. Tuseme umepata vitanzi 18 na matuta 18. Blanketi la mtoto lenye upana wa sentimita 75 na urefu wa sentimita 90 litahitaji vitanzi 135 na matuta 162. Ukiwa na mizani ndogo ya jikoni, pima pia uzito wa sampuli yenyewe. Kwa eneo, blanketi hilo ni mara 30 ya sampuli, kwa hiyo sampuli ya gramu 14 inamaanisha gramu 420 za uzi, na ukiongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya ukingo na mikia, yaani ncha za uzi zinazoachwa kila rangi inapobadilika, utafika karibu gramu 460. Anayeruka hatua hii hugundua upungufu akiwa amebakiza robo ya kazi, wakati duka limeshamaliza rangi ile.

Kupanga rangi

Simama kidogo mbele ya duka la vitenge utazame jinsi kitenge kizuri kilivyogawa rangi zake: moja imetawala, mbili zinaifuata kwa mbali, na moja kali imepewa nafasi ndogo sana. Mgawo huo hufaa blanketi pia. Chagua rangi moja tulivu uliyo nayo kwa wingi, kama kijivu, maziwa au buluu nzito, iwe inarudi kati ya milia mingine. Hiyo ndiyo itakayofanya mabaki yasiyohusiana yaonekane yamekusudiwa. Panga madonge sakafuni uyapige picha kwa simu, kisha uiondolee picha rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Madonge mawili yanayoonekana sawa kwenye picha hiyo yatamezana yakikaa jirani, hata kama moja ni la kijani na jingine jekundu.

Upana wa milia usilingane. Tuta moja, mawili, matatu na matano, yakichanganywa bila mpangilio wa kujirudia, hupendeza kuliko milia sawasawa na pia hukuwezesha kutumia madonge ya kila ukubwa. Mstari mmoja hula uzi usiozidi mara nne ya upana wa blanketi. Kwa upana wa sentimita 75, tuta moja huhitaji mita 6, pamoja na sentimita 15 za mkia kila upande. Donge lisilofikisha hapo liache kwa kazi nyingine.

Kufuma

Tumia sindano za mviringo, zile zilizounganishwa kwa waya wa sentimita 80 au zaidi, ukifuma kwenda na kurudi. Uzito wa blanketi utalala mapajani badala ya kuning'inia kwenye vifundo vya mikono. Anzisha vitanzi kwa sindano iliyo kubwa kidogo ili ukingo wa kwanza usibane. Mwanzoni mwa kila mstari hamisha kitanzi cha kwanza bila kukifuma, uzi ukiwa mbele, kisha urudishe uzi nyuma uendelee. Ukingo utakuwa nadhifu kama msuko mmoja. Katika mstari wa kubadili rangi tu, kitanzi cha kwanza kifumwe kwa rangi mpya.

Chagua upande mmoja uwe uso wa blanketi, uufungie pini, na ubadili rangi kila mara ukiwa upande huo. Hapo mpaka wa rangi utakuwa mstari safi usoni, na vidoa vya rangi mbili vitaangukia nyuma. Usiunge nyuzi kwa fundo. Fundo hupenya likaonekana usoni, na mtoto hulisikia mwilini. Acha mkia wa sentimita 15, na ufiche mikia kila baada ya milia michache kwa sindano butu, ukiipitisha ndani ya matuta ya rangi yake kwenda upande mmoja kisha kurudi. Anayengoja mpaka mwisho hujikuta na mikia mia moja na hamu imekwisha. Rangi inayorudi baada ya tuta moja tu haina haja ya kukatwa. Ipandishe ukingoni bila kuivuta.

Funga vitanzi kwa ulegevu, ukitumia tena ile sindano kubwa. Kisha okota kitanzi kimoja kwa kila tuta kwenye ubavu mmoja, ufume matuta manne ya ile rangi tulivu na ufunge. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Ukingo huo huzibana ncha za milia na kuficha dosari nyingi.

Ufuaji wa kwanza

Loweka blanketi katika maji ya baridi au vuguvugu, usilisugue wala kulikamua kwa kulisokota. Likunje ndani ya taulo ulikanyage ili maji yatoke, kisha ulitandaze kwenye mkeka kivulini na kulinyoosha kwa vipimo vyake. Usilitundike kwenye kamba likiwa limelowa, hasa la pamba, kwani uzito wa maji utalivuta lisirudi tena. Akriliki isipigwe pasi ya moto. Hulala na kupoteza mnyumbuko wake moja kwa moja. Kwa wanaoishi karibu na maji, kama Kirumba au Capri Point, funika blanketi kwa chandarua cha zamani wakati linakauka, kwa sababu wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda angani kama moshi wakiletwa na upepo hunasa kwenye uzi wenye unyevu, na kuwatoa mmoja mmoja ni adhabu.

Zungushia vipande vya mita mbili mbili vya kila uzi uliotumia kwenye kadi ngumu, uandike aina yake kwa kalamu, na umpe mwenye blanketi pamoja nalo. Mlia ukitoboka, atakuwa na uzi uleule wa kuuzibia.