Homoni kabla ya upasuaji: zipi uache, lini, na zipi usiguse

Kliniki ya maandalizi ya upasuaji, iwe Muhimbili, Mwananyamala au hospitali ya binafsi, lazima uulizwe: "Unatumia dawa yoyote?" Wanawake wengi hujibu hapana, maana vidonge vya majira hawavihesabu kuwa dawa. Ni dawa. Taja kila chenye homoni: vidonge, sindano, kijiti, jeli ya kukoma hedhi, prednisoloni ya pumu, kidonge cha tezi ya shingo. Beba na pakiti, hata ikiwa tupu. Jina na kipimo kilichoandikwa pale humsaidia daktari wa usingizi kuliko kuambiwa "vile vidogo vyeupe".

Kinachotutia wasiwasi ni estrojeni, homoni ya kike, hasa ya kumeza, kwa sababu yoyote ile unayoitumia. Inapopita kwenye ini, hulifanya litengeneze protini nyingi zaidi za kugandisha damu na kupunguza zile za kuzuia mgando. Kwa mtu anayetembea, hatari ni ndogo. Lakini baada ya upasuaji mkubwa unalala, damu ya miguuni inakwenda polepole, na jeraha lenyewe linaamsha mgando. Bonge likijitengeneza kwenye mshipa wa mguu linaweza kukatika na kuziba mapafu. Damu huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kurudia hali yake, kwa hiyo kuacha siku tatu kabla hakusaidii kitu.

Vidonge vya majira vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, huachwa wiki 4 kabla ya upasuaji mkubwa wa kupangwa, upasuaji wowote wa miguu, au ule utakaokulaza kitandani muda mrefu. Ukipangiwa goti tarehe 28 Novemba, kufika 31 Oktoba uwe umeshameza kidonge cha mwisho cha homoni. Kung'oa jino, kutoa kivimbe kwa ganzi au kufanyiwa mtoto wa jicho hakuhitaji kuacha chochote.

Namna ya kuacha ina umuhimu wake. Ikiwezekana malizia vidonge 21 vya homoni, kisha usifungue pakiti mpya; vile 7 vya kahawia ni madini ya chuma tu. Damu itatoka baada ya siku chache, na hiyo ni kawaida. Ukikatisha ndani ya wiki ya kwanza ya pakiti, tendo la siku chache zilizopita linaweza kuleta mimba, kwa hiyo mwambie mtoa huduma. Na usiache bila kinga mbadala, kwani kipimo cha mimba kikisoma ndiyo siku ya upasuaji, utarudishwa nyumbani. Kijiti, sindano ya miezi mitatu, kitanzi, na vidonge vya projestini pekee wanavyopewa wanaonyonyesha havina estrojeni na haviachwi. Uliyemeza vidonge vyako bila kuruka unaweza kuhamia sindano au kijiti siku hiyohiyo. Kama uliruka, ongeza kondomu kwa siku 7.

Wenye faibroidi, yaani uvimbe wa kizazi, wasome hapa kwa makini. Norethisteroni ya miligramu 5, inayomezwa mara tatu kwa siku kuzuia damu, ni projestini, lakini kwa dozi hiyo sehemu yake hugeuka estrojeni mwilini. Usiiweke kundi moja na vidonge vya kunyonyesha. Wala usiiache kimyakimya: damu ikirudi kwa wingi, wekundu wa damu unashuka na upasuaji unaahirishwa. Daktari wako ndiye apime hatari ipi ni kubwa zaidi kwako.

Vidonge vya estrojeni vya kukoma hedhi kwa kawaida husimamishwa wiki 4 hadi 6 kabla. Jeli au plasta ya ngozi haipiti ini kwanza, na kwa dozi ya kawaida haijaonekana kuongeza mabonge, hivyo mara nyingi mgonjwa huruhusiwa kuendelea.

Kuna homoni ambazo kuziacha ndiko hatari. Aliyetumia prednisoloni miligramu 5 au zaidi kwa wiki 4 au zaidi, tezi za juu ya figo zimezoea kutofanya kazi. Akiacha ghafla, presha inaweza kuporomoka mezani. Huyo anaendelea na dozi yake, na huongezewa haidrokotisoni, kwa kawaida miligramu 100 kwenye mshipa anapolazwa usingizi. Kidonge cha tezi ya shingo humezwa hata asubuhi ya upasuaji kwa funda la maji. Insulini hupangwa upya na daktari, haiachwi kwa uamuzi wako. Tamoksifeni pia huongeza mabonge, ila ni tiba ya saratani: wa kuamua ni daktari wa saratani.

Tarehe ikisogezwa wiki mbili tatu, jambo la kawaida kwenye foleni zetu, usirudie vidonge ili "kujazia". Hatari ya mabonge huwa juu zaidi katika miezi ya mwanzo ya kuanza, au kuanza upya baada ya kusimama wiki 4 au zaidi. Baki kwenye kinga mbadala.

Ikiwa ni dharura, au ulisahau, sema hivyo bila woga. Upasuaji wa dharura hausubiri. Utapewa sindano ya kuzuia mgando, kwa mfano enoksaparini miligramu 40 kwa siku, na soksi za kubana, kisha utasimamishwa mapema. Ukiambiwa utembee wodini, tembea.

Vidonge vya majira hurudiwa kwa hedhi ya kwanza inayokuja angalau wiki 2 baada ya kutembea kikamilifu. Wiki hizo zinahesabiwa tangu kutembea, si tangu kutolewa nyuzi. Na kama nyumbani ni Mwanza au Mbeya, muulize daktari kabla ya kupanda basi, maana kukaa kitini kutwa nzima ni kulaza miguu upya.

Mguu mmoja ukivimba au kuuma kwenye shavu la mguu, usiukande kwa maji ya moto wala kuuchua, kwani bonge linaweza kung'oka. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikichoma unapovuta pumzi, ukihema bila sababu au ukikohoa damu, nenda dakika hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.