Usaha wa kila mara kwa mbwa dume
Wenye mbwa dume huku Mtwara, hasa mbwa wanaolala mchangani, kumwosha govi linalotoa usaha kila mara fanya hivi: chemsha maji nusu lita, tia chumvi kijiko kimoja cha chai, yakiwa vuguvugu vuta kwa bomba la sindano (sindano yenyewe toa kabisa!), ingiza ncha tu kwenye govi, sukuma maji, bana mdomo wa govi, sugua kwa nje taratibu afu achia, mchanga utauona unatoka. Maji hayo ya chumvi yanaondoa mkojo na uchafu uliotuama bila kuchubua. Sabuni hapana jamani, maji ya bahari nayo yanachoma, chumvi imezidi. Utelezi kidogo wa njano ni kawaida, usimwoshe kila siku. Ila akijikamua mkojo hautoki, au kuna damu, kuosha hakusaidii, mkimbize kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, mkojo ukiziba anakufa.